Mwenye Kochi Akae Kwanza

Juzi vijana wetu wa Barking, hapa London, waliniita niwaeleze kazi niliyoifanya mpaka nikastaafu. Nikawaeleza sindano iliyopinda, nikawaeleza namna ya kuvuta mkanda wa gunia chini ya kochi mpaka ukiupiga kwa kidole unalia kama ngoma ndogo. Nilipoinua macho, nusu yao walikuwa kwenye simu na nusu nyingine walikuwa wananitazama kwa adabu, jambo ambalo ni baya zaidi. Mmoja tu aliuliza swali. "Anko, ina maana ulikuwa unashinda na makochi tu, huongei na mtu?"

Nilicheka, maana kuongea ndiko kulikonitoa jasho. Misumari niliizoea mapema. Kwa hiyo sindano tuziache. Nitawaandikia habari ya kuongea, na mkisinzia, angalau sitawaona.

Karakana yetu ilikuwa Kenton, nyuma ya duka la vitambaa. Mwenyewe alikuwa Bwana Jayanti, Mhindi wa Tanga, mtoto wa fundi makochi, naye akaja kuiendeleza kazi ya baba yake huku. Kiswahili chake kilikuwa cha Tanga hasa, na akikasirika alikitumia chote. Mimi ni mtu wa Muheza, kwa hiyo alinipokea kama ndugu na kunigombeza kama ndugu. Kazi yetu ilikuwa kufufua makochi ya zamani: kuvua kitambaa, kufunga springi upya kwa kamba ya katani, kujaza manyoya ya farasi au sponji, kisha kuvalisha kitambaa kipya. Watu walituletea vitu ambavyo majirani zao wangevitoa nje siku ya takataka.

Pale kwa Bwana Jayanti palikuwa na sheria moja iliyowashangaza wageni. Kochi likiingia, hakuna kuligusa kwa nyundo mpaka mwenyewe alikalie kwa mara ya mwisho katika hali yake ya zamani. Yeye anakaa kwenye kochi, fundi anakaa mbele yake kwenye kigoda, mikono mitupu. Tulikuwa tunakiita kikao. Mwenye kochi anaeleza, fundi anasikiliza, halafu fundi anamrudishia ile habari kwa maneno yake. Mpaka mwenye kochi aseme "Naam, hapo umenipata," hakuna kuuliza rangi ya kitambaa. Ukiuliza rangi kabla ya hapo, utamsikia Bwana Jayanti akikohoa nyuma ya pazia.

Kigoda kilikuwa kifupi makusudi. Ukimkalia mtu juu, atakujibu maswali tu. Ukikaa chini yake, ataongea. Mikono ilikuwa mitupu kwa sababu ukishika futi, mteja anadhani una haraka na anaanza kufupisha. Na faida ya kifundi ilikuwepo. Mama mmoja alitueleza kwamba mumewe hukaa upande kwa ajili ya nyonga, ndipo tukajua kwa nini springi za kushoto zimelala na za kulia ni nzima. Bila kikao tungefunga zote sawasawa na yule baba angerudi nyumbani kuumia.

Mimi kikao kilinishinda mwanzoni, kwa ajili ya Kiingereza. Alikuja bibi mmoja wa Kiingereza na kochi la marehemu dada yake, akaanza kulia. Kwetu unasema pole, mambo yanaendelea. Nikaitafuta pole kwa Kiingereza, nikapata "sorry", nikaitoa kwa moyo wote, tena nikairudia. Bibi akaacha kulia. Akainuka, akalizunguka kochi lake pande zote akitafuta nilipolivunja.

"Usiombe radhi kwa kifo usichokisababisha," Bwana Jayanti aliniambia baadaye. "Mpe maji."

Tangu hapo nikawa natoa maji. Nawaambia na nyinyi: maji yanafaa. Mtu akinywa anapumua, na wewe unapata sababu ya kufunga mdomo.

Kuna wakati aliletwa mkufunzi wa mawasiliano, kwa sababu karakana ilikuwa imeanza kupokea vijana wa mafunzo na waliowaleta walitaka hivyo. Alikuja na kadi za rangi zenye sura za watu, kila mmoja achague sura inayofanana na anavyojisikia. Bwana Jayanti alichukua ya hasira na hakuiweka chini mpaka wakati wa chai. Tukafundishwa kutikisa kichwa mtu anapoongea, ili ajue tunamsikiliza. Frank, kijana aliyekuwa kwenye mafunzo, aliushika ushauri huo vizuri mno, mpaka mteja akamuuliza kama shingo inamuuma.

Lakini nisimcheke yule mama mkufunzi kupita kiasi, kwa sababu alisema jambo moja ambalo nimekwenda nalo mpaka leo. Alisema mtu akinyamaza katikati ya maneno yake, usimsaidie. Usimmalizie sentensi, usimwambie unamwelewa. Kaa. Nililijaribu wiki ileile na nikaona ni kweli, ingawa ni kazi ngumu kuliko kung'oa misumari iliyoshika kutu.

Zawadi, binti wa kujifunza kazi, alikuja kwetu miaka yangu ya mwisho. Amezaliwa hapahapa London, wazazi wake ni watu wa Morogoro. Mikono yake ilikuwa mizuri kuliko yangu, nasema hivyo bila uchungu, au kwa uchungu kidogo. Kiswahili alikielewa chote ila alijibu kwa Kiingereza, kama watoto wengi wa huku. Mimi namsemesha kwangu, yeye ananijibu kwake, na kazi inakwenda.

Shida yake ilikuwa kurudisha habari. Alisikiliza vizuri, lakini akifungua mdomo unadhani askari anasoma maelezo ya shahidi. Mteja alinunua kochi. Mteja ana paka. Mteja anataka kijani.

"Yule mama mwenye paka," nilimuuliza siku moja, "anakaa saa ngapi kwenye kochi lake?"

"How would I know, Anko?"

"Na akikaa, paka anakuwa wapi?"

"Sijui. I didn't ask."

"Basi kaulize, na ukirudi anzia hapo."

Aliuliza. Ikaonekana mama anakaa asubuhi, baada ya watoto kwenda shule, na paka hapandi mpaka asikie kikombe kimewekwa chini. Zawadi alipomrudishia mama habari yake kwa kuanzia kile kikombe, mama alicheka hadi akashika tumbo. Nyinyi mtakaotaka kusimulia lolote kuhusu kazi yenu, chukueni hilo. Msianzie siku kitu kilipotengenezwa wala kiliponunuliwa. Anzieni saa ambayo mtu anakitumia, mengine yatafuata yenyewe.

Baada ya muda wateja wakawa wanaulizia "yule binti". Mimi nikapewa makochi yasiyo na wenyewe wa kuongea, ya hoteli na ya ofisi. Sikulalamika, au sikulalamika kwa sauti.

Ndipo akaja Ester. Ni nesi, Mchaga wa Marangu, anakaa Croydon. Alikuwa anaishi na baba yake, Mzee Elinami, ambaye kumbukumbu zilikuwa zinamtoka. Kiingereza kilikuwa kimeshaondoka chote, Kiswahili kimebaki. Na Ester mwenyewe alikuwa amesahaulika. Mzee alimuona asubuhi na sare yake ya kazi, akawa anamwita "nesi".

Ester alikuwa amempatia baba yake nafasi katika nyumba ya wazee karibu na kwake. Mzee alikuwa na kochi moja alilozoea, na pengine popote alikuwa hatulii. Nyumba ile ilikubali aje nalo, ila kwa sharti livalishwe kitambaa kisichoshika moto upesi, maana cha zamani kilikuwa kimechakaa na kinanuka. Kwa hiyo Ester alikodi gari, akapakia kochi, akampakia na mzee, akaja Kenton.

Kikao kilikuwa kizuri sana. Mzee tulimweka kwenye kiti cha kawaida karibu na birika, tukampa chai. Ester akakaa kwenye kochi, Zawadi kwenye kigoda. Ester alieleza jinsi baba yake alivyompeleka shule, jinsi yeye alivyomleta mzee huku mama yake alipofariki, jinsi anavyoogopa siku ya kumwacha. Zawadi alimrudishia yote bila kuacha kitu, na Ester akalia, akasema hapo amempata kabisa. Nyuma ya pazia hakuna aliyekohoa.

Mzee alisema neno moja tu siku ile. Alipomaliza chai aliuliza, "Geti limefungwa?"

"Hakuna geti hapa, baba," Ester alimjibu, kwa upole wa mtu ambaye swali hilo ameshalijibu sana. Tukaendelea.

Kochi likafanyiwa kazi. Ndani tulikuta springi mbili zimeachia kamba zinasuguana, ndiyo maana lilikuwa linalia kila mtu akikaa. Zawadi alizitenganisha na kuzifunga upya. Kwetu kochi kulia ni aibu. Bwana Jayanti hulikalia kila moja kabla halijatoka, anainuka, anakaa tena, sikio limeinama. Lile lilitoka kimya. Akamwambia Zawadi, "Safi." Mimi neno hilo nililisubiri miaka.

Haukupita muda, Ester akapiga simu. Mzee alikuwa anakaa kwenye kochi lake na hapohapo anainuka kwenda mlangoni. Akirudishwa, anakaa, anainuka. Alishaanguka ukumbini mara moja. Mfanyakazi mmoja wa pale, mtu wa kwetu, aliwatafsiria wenzake kwamba mzee anaulizia geti, nao wakaelewa kwamba anataka kutoroka. Meneja akamwambia Ester kwamba nyumba ile si ya watu wanaotoroka. Akiendelea hivyo, itabidi ahamishiwe nyumba yenye milango ya kufungwa, na iliyokuwa na nafasi ilikuwa mbali, nje ya London. Kwa zamu za Ester, angemuona baba yake kwa nadra sana.

Hakutulaumu. Aliuliza tu kama kile kitambaa cha zamani tulishakitupa.

Zawadi alikaa chini, uso umemshuka. Akasema ni rangi, alijua ni rangi. Bwana Jayanti akatoka nyuma ya pazia.

"Kwenye kikao mlimkalisha nani?"

"Ester," Zawadi akasema.

"Kochi la nani?"

Sheria ile tulikuwa tunaijua kuliko majina ya mitaa yetu, lakini aliyelileta kochi ndiye tuliyemwona mwenye kochi, na mwenyewe tulimpa chai.

Tukaenda Croydon, mimi na Zawadi. Kwenye tramu aliniambia, "Anko, wewe ongea naye. My Swahili is so bad. Atanicheka."

"Ester anasema hajamuona akicheka tangu ahamie pale," nikamwambia. "Ukimchekesha, utakuwa umesaidia."

Tulimkuta mzee amesimama karibu na mlango, koti amevaa, mfanyakazi amemshika kiwiko. Ester naye alikuwepo. Tukamrudisha chumbani. Akakaa kwenye kochi. Kimya. Akaanza kuinuka. Zawadi alikuwa ameshakaa sakafuni mbele yake.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Geti limefungwa?"

Nikamwona Ester akifungua mdomo na kuufunga. Zawadi akauliza, "Geti iko wapi, babu?"

Mzee alimtazama vizuri. Nadhani hakuna aliyewahi kumuuliza hilo. "Si pale mbele."

"Nani anafunga?"

"Anayeingia mwisho."

Akanyamaza. Zawadi naye akanyamaza. Mimi nilitaka kusema kitu, nikajizuia kwa shida. Mzee alikuwa anasikiliza, kichwa kimeinama.

"Linalia lile," akasema mwishowe. "Ukikaa ndani unalisikia. Likilia la mwisho, wote wamo. Leo halijalia." Akaweka viganja kwenye mikono ya kochi ajisukume. "Sasa nitakaaje, na watoto wako nje?"

Zawadi akamgusa mkono, akaanza kumrudishia. Kiswahili chake kilikuwa kinachechemea, lakini alianzia saa ya kukaa, kama tulivyofundishana.

"Ni jioni, babu. Wewe umekaa. Chakula iko tayari, watoto bado. Unasikiliza geti. Geti ikilia, wote wako ndani, unapumzika. Kama haijalia, unaenda kuangalia. Ni hivyo?"

"Sasa aende nani mwingine?" mzee akasema.

Kwa hesabu za karakana yetu, hapo alikuwa amempata.

Ester alituambia nje, akiwa ameegemea ukuta. Nyumbani Marangu palikuwa na geti la chuma, bawaba zake hazijawahi kuona mafuta. Baba yao hakuwa anagusa chakula mpaka alisikie likilia na ajue watoto wote wamerudi. Na huku London, kila alipokaa kwenye kochi lake bovu, kochi lililia, naye akatulia. Ester alilisikia kila siku na hakuwahi kuviunganisha viwili hivyo. Nani angeviunganisha?

Nikadhani kazi imekwisha, kumbe bado Bwana Jayanti.

"Kochi linalolia halitoki kwangu," alisema. "Sijafanya hivyo, baba yangu hakufanya hivyo. Mkitaka kengele, kanunueni kengele."

Zawadi hakubishana naye. Alivuta kochi moja la zamani, akamwomba akae, naye akakaa kwenye kigoda. Akamsimulia kwa mchanganyiko wake wa lugha mbili habari ya mtu anayekaa jioni na kusikiliza. Hakumwambia afanye nini. Alipofika kwenye watoto walioko nje, akaishia hapo, akanyamaza. Bwana Jayanti ana binti wawili, wote wako ng'ambo, na mmoja hapigi simu. Mimi nilijifanya natafuta mkasi.

"Lete kochi," akasema.

Tulilirudisha Kenton, tukalifungua kwa chini. Yeye mwenyewe ndiye aliyeonyesha pa kugusa. "Usikate kamba. Legeza fundo hili tu, springi ilalie mwenzake." Ester alikuja baada ya zamu yake, akasimama amefumba macho, Zawadi akawa anakaa na kuinuka, mimi nikiwa chini sakafuni nalegeza na kukaza. "Sauti nyembamba mno," Ester alisema. "Zaidi. Punguza. Hapo! Hapo hapo." Bwana Jayanti alilipitisha. Ila kabla halijatoka alikifumua kile kitambaa kidogo chenye jina la karakana kinachoshonwa chini ya kochi, akakitia mfukoni.

Zawadi alishamweleza meneja habari yote kwa Kiingereza, kwa kuanzia ileile jioni. Meneja hakuahidi kitu. Alisema atatazama siku chache, halafu ataamua.

Chakula cha jioni katika nyumba zile hutolewa mapema, jua bado kali. Tulifika wakati huo. Tuliliweka kochi mahali pake, karibu na dirisha, na Ester akamwingiza mzee akiwa na koti lake. Meneja alisimama mlangoni. Nakiri niliogopa, maana sauti ya chuma ni sauti ya chuma, na mzee hana deni la kuturidhisha.

Mzee akakaa. Kochi likalia, kilio kirefu kibaya, ambacho maisha yangu yote nimelipwa kukinyamazisha.

Hakuinuka. Aligeuza uso polepole kutazama chumba, Zawadi, mimi, meneja.

"Wote wamo?" akauliza.

Zawadi alikuwa karibu yake na jibu analo. Nilimwona akilimeza, akarudi nyuma hatua moja, akamtazama Ester.

Ester alikuwa amesimama na sare yake, mkoba begani, ametoka kazini moja kwa moja.

"Wamo, baba."

"Na Ester?"

Ester akaushusha mkoba.

"Nimeingia, baba. Mimi ndiye niliyefunga."

Mzee Elinami akamtazama kutoka juu mpaka chini, kwa hasira ya mzazi aliyeshinda na wasiwasi.

"Umechelewa."

"Nilikuwa kazini, baba."

Akaanza kufungua vifungo vya koti lake, kimoja kimoja. "Haya," akamwambia. "Kanawe mikono, uje ule."